"Kocha, unawafundisha nini hasa?" Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mpira wa kikapu wa watoto

Nafundisha mpira wa kikapu kwa watoto wa miaka 9 hadi 17 kwenye uwanja wa saruji hapa Dar es Salaam, jioni mbili za katikati ya juma na Jumamosi asubuhi. Maswali haya nimeulizwa na wazazi waliosimama kwenye uzio, na walimu walioambiwa "anzisheni timu" bila kupewa hata mpira mmoja, na vijana waliomaliza kidato cha sita wanaotaka kujitolea. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu pale uwanjani.

Kikapu na uongozi vinakutana wapi?

Kwenye pasi. Mwaka 1891 James Naismith, mwalimu wa mazoezi ya viungo mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, alipewa darasa la vijana 18 watukutu ambao baridi ilikuwa imewafungia ndani. Akatundika vikapu viwili vya kubebea matunda, akaandika kanuni 13. Kanuni iliyoleta mabadiliko yote ni ile iliyokataza kukimbia na mpira mkononi. Alishaona kwamba anayekimbia nao lazima adakwe, akidakwa ataangushwa, na akiangushwa ugomvi umeanza. Kwa hiyo ukiupata, simama hapohapo, umtafute mwenzako. Kudunda kulikuja baadaye. Mchezo huu ulizaliwa ili kutuliza vijana wakorofi, na dawa aliyowapa ilikuwa kuwafanya wategemeane.

Angalia sasa kinachomkuta mtoto wa miaka 12 uwanjani. Wachezaji ni watano tu kila upande, uwanja ni mita 28 kwa 15, na timu ina sekunde 24 za kurusha. Sisi hatuna saa ya sekunde, kwa hiyo mtoto mmoja huhesabu kwa sauti pembeni. Ndani ya muda huo mwenye mpira anatakiwa aone, aamue, aseme na akubali matokeo ya uamuzi wake, halafu arudi kukaba. Darasani anaweza kukaa dawati la nyuma muhula mzima bila sauti yake kusikika. Uwanjani hakuna dawati la nyuma.

Ila mchezo peke yake hautoshi. Nimeona timu nyingi zenye vipaji ambazo watoto wake hawawezi kupanga hata foleni ya maji mpaka kocha apige kelele. Ninachokiamini, na majibu mengi hapa chini yanarudi hapohapo, ni kwamba mtoto hujifunza kuongoza pale anapokabidhiwa kazi ya kweli, ambayo asipoifanya kuna kitu kitaharibika.

Mtoto aanze na umri gani, na anahitaji nini?

Miaka 8 au 9 inatosha. Mpe mpira namba 5. Ule namba 7 wa wanaume unawavunja moyo na kuwaharibia mkono, maana wanaurusha kutoka kiunoni kama wanatupa ndoo ya maji. Kama unaweza, mshushie ringi: kwa watoto wadogo ringi huwekwa mita 2.60 kutoka chini, wakati ya kawaida ni mita 3.05. Raba yoyote isiyoteleza inafaa.

Aliyechelewa naye aje. Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi hapahapa Dar es Salaam, na mwaka 2009 akawa wa pili kati ya vijana wote waliochaguliwa mwaka ule na timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani.

Nahodha unamchaguaje?

Zamani nilifanya kama makocha wengi: anayefunga zaidi ndiye nahodha. Nilikuwa na kijana wa miaka 14, mkono wake mtamu, akirusha kutoka kona unasikia wavu tu. Nikampa unahodha. Haikufika mwezi, wadogo wakaacha kumpa pasi, kwa sababu mpira ukimfikia vibaya aliwafokea mbele ya watu. Hakuwa mtoto mbaya. Nilimpa cheo nikasahau kumpa kazi, naye cheo kile akakijaza kelele.

Sasa unahodha ni wa zamu, wiki moja moja, na kila mtoto lazima aupitie. Nahodha wa wiki anashika ufunguo wa stoo, begi lenye mipira saba, pampu na sindano yake, daftari la mahudhurio na filimbi. Jumamosi mazoezi yakiisha anamkabidhi mwenzake kila kitu mbele ya wote, kimoja kimoja, wakihesabu. Hiyo sindano ya pampu ndiyo ndogo kuliko vyote na ndiyo inayowatoa jasho: ikipotea, mipira ikiisha upepo, hakuna mazoezi.

Kuna binti wa miaka 11 ambaye nilitaka kumruka zamu. Alikuwa mkimya, hata "shikamoo kocha" yake ilikuwa ya kunong'ona. Sikumruka, na nashukuru. Jumanne ya wiki yake nilimkuta ameshafungua stoo. Anatoa mpira mmoja mmoja, anauminya kwa viganja viwili, kisha anauachia kutoka usawa wa bega lake na kutazama umerudi mpaka wapi. Miwili ilikuwa imelegea. Akailowesha sindano kwa mate kabla ya kuichomeka, kama alivyowaona wakubwa wakifanya, akajaza upepo, akauminya tena mpira na kutikisa kichwa: bado. Akaongeza. Halafu akachukua daftari. Kijana wa miaka 16 alikuwa ameketi pembeni anafunga kamba za viatu polepole. Binti akaenda kusimama mbele yake. "Kaka, sijakuandika. Umefika au bado?" Kijana akainuka. "Nimefika, kapteni."

Kuanzia wiki ile sauti yake ilianza kusikika hata kwenye kukaba: "Kulia! Kulia kwako!" Sikumpa somo lolote la kujiamini. Daftari na sindano vilimtosha.

Na akiharibu je?

Mwache aharibu, ilimradi hakuna atakayeumia. Nahodha mmoja alisahau ufunguo nyumbani. Watoto 20 na zaidi wakasimama mbele ya stoo wananitazama mimi, maana wanajua ninao ufunguo wa akiba. Sikuutoa. Yeye akaondoka mbio kuufuata kwao, sisi tukafanya mazoezi ya kukaba bila mpira, miguu tu, kulia na kushoto, karibu saa nzima. Alirudi zimebaki dakika kumi, shati limelowa. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu kila mmoja alijua zamu yake inakuja. Tangu hapo ufunguo ule unafungwa kwenye kamba na kuvaliwa shingoni, na hilo walilitunga wenyewe.

Kocha mpya hapa ndipo anaposhindwa. Anaona aibu ya kusimama tu huku mambo yanakwenda vibaya, anaingilia, anaokoa, na kazi inarudi kuwa yake.

Ni zoezi gani moja linalofundisha zaidi?

Kidole. Dean Smith alifundisha timu ya Chuo Kikuu cha North Carolina tangu 1961 hadi 1997, akashinda mechi 879, na Michael Jordan ni mmoja wa waliopita mikononi mwake. Wachezaji wake walikuwa na desturi: ukifunga, kabla ya kushangilia, mnyooshee kidole aliyekupa pasi. Nilipoileta kwetu watoto walishangaa, kwa sababu katika lugha yetu kunyoosheana vidole ni kulaumiana. Nikawaambia uwanja huu una Kiswahili chake, hapa kidole ni asante.

Wiki mbili za kwanza walifanya kwa kunikumbuka mimi. Baadaye likaja jambo ambalo sikulipanga: mtoto aliyekuwa akifunga peke yake kila mara alijikuta hana wa kumnyooshea. Akaanza kutoa mpira mapema ili uje kwake tena ukiwa na pasi ya mtu.

Smith alikuwa na desturi nyingine ninayoipenda. Mchezaji aliyechoka aliinua ngumi, akatolewa, na akishapumua aliruhusiwa kuomba mwenyewe kurudi. Watoto wa kiume hasa wanaona kukiri uchovu ni fedheha. Wakishajua kwamba anayesema ukweli hanyang'anywi nafasi yake, wanausema. Natumaini wataubeba ukweli huo mpaka nyumbani na, siku moja, kazini.

Timu yangu inafungwa kila mechi. Nitawafundisha nini watoto waliokata tamaa?

Pole, kocha. Nimepita huko. Tuliwahi kufungwa 58 kwa 9. Ndani ya daladala ya kurudi hakuna aliyeongea, na wewe unajua watoto 12 wakinyamaza ndani ya daladala hali ikoje. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuwatia moyo, yote yakanikauka. Tulipofika kituoni niliwauliza kitu kimoja: "Nani amemwona mwenzake akifanya jambo zuri leo?" Wakanyamaza tena. Kisha yule mdogo kuliko wote akasema, "Dada alikuwa anarudi kukaba hata tulivyokuwa tumeachwa pointi arobaini." Wote wakamgeukia huyo dada. Alikuwa analia, akacheka.

Jumanne tukachora jedwali kwenye ukuta kwa chaki, lenye mambo matatu yasiyohitaji urefu wala kipaji: kurudi kukaba, kuongea na mwenzako, kumwinua aliyeanguka. Mchezaji wa akiba anahesabu kwa vijiti kwenye daftari. Mechi iliyofuata tulifungwa 41 kwa 22, na watoto walishangilia, kwa sababu vijiti vilikuwa vimepita mara mbili ya mechi iliyotangulia. Wazazi wa timu nyingine walitushangaa.

Subira ina historia katika mchezo huu. John Wooden, aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiingereza shuleni, alianza kuifundisha timu ya UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, Marekani, mwaka 1948. Ubingwa wa kwanza wa vyuo vikuu aliupata mwaka 1964, katika msimu wake wa 16. Mpaka 1975 alikuwa nao 10. Kila mwaka mazoezi ya kwanza aliwafundisha wachezaji wake kuvaa soksi: namna ya kuinyoosha kisiginoni na vidoleni isibaki na kunjo, kwa sababu kunjo huleta lengelenge, na lengelenge humweka mtu benchi. Vijana wakubwa, wenye miguu ya namba 46, wakifundishwa soksi.

Mwamuzi akituonea?

Hapa nina doa langu. Kwenye mechi moja ya vijana nilimfokea mwamuzi kwa faulo ambayo mpaka leo naamini haikuwa faulo. Akaniadhibu kwa faulo ya kiufundi, wapinzani wakapewa mtupo huru, tukafungwa kwa pointi moja. Hilo silo lililoniuma. Jumamosi iliyofuata, kwenye mazoezi, mtoto wa miaka 10 alimfokea mwenzake aliyeshika filimbi, kwa maneno yaleyale yangu, na mkono ukiwa umeinuliwa vilevile kama wangu. Nilisimamisha mazoezi nikaomba radhi mbele yao, kisha nikamtafuta yule mwamuzi kwa simu nikamwomba radhi pia.

Tangu siku ile kila mtoto anachezesha. Mpe filimbi dakika tano tu. Atagundua kwamba kutoka alipo yeye huoni mkono uliogusa, unaona mpira umeanguka na watu kumi wanakutazama, na inabidi useme. Mtoto aliyewahi kuwa mwamuzi hubishana kwa adabu zaidi. Tumeweka pia kanuni kwamba mechini anayezungumza na mwamuzi ni nahodha peke yake, na anaanza na "samahani, mwamuzi".

Wazazi wanapiga kelele pembeni, nifanyeje?

Zungumza nao kabla ya msimu, si siku ya mechi. Waombe washangilie majina ya watoto wote na si la wa kwao tu. Mzazi akizidi, mfuate baada ya mechi, msalimie vizuri, muulize mtoto anaendeleaje nyumbani. Mara nyingi kelele ile ni mapenzi yaliyokosa njia. Mpe kazi: agawe maji, ashike karatasi ya pointi.

Mtoto ameshuka masomoni. Nimzuie asije mazoezini?

Wazazi wananiuliza hili kuliko yote, hasa matokeo yakitoka. Jibu langu ni hapana, na naomba nieleze.

Uwanja ukishakuwa zawadi inayonyang'anywa, mtoto anaficha. Anaficha ripoti, anaficha kwamba haelewi hesabu, na mimi napoteza mahali pekee ambapo angeweza kuniambia. Tunachofanya ni kuanza mazoezi ya Jumamosi kwa saa moja ya madaftari, chini ya mwembe ulio nyuma ya goli la kaskazini. Wa kidato cha nne anamsaidia wa darasa la saba. Anayefundisha anaandikwa kwenye daftari kama aliyetoa pasi. Wiki za mitihani ya taifa tunapunguza mazoezi, hatufungi.

Makocha wenyewe wanatakiwa waliamini hili. John Thompson wa Chuo Kikuu cha Georgetown, ambaye mwaka 1984 alikuwa kocha Mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza la vyuo vikuu vya Marekani, alikuwa na mpira uliotolewa upepo juu ya meza yake ya ofisini. Mchezaji akiingia anauona. Hakuna haja ya kuuliza una maana gani. Ofisi ile aliingia pia Dikembe Mutombo, kijana kutoka Kinshasa aliyefika chuoni hapo mwaka 1987 akitaka kuwa daktari. Alihitimu masomo ya isimu na diplomasia, akacheza NBA kwa miaka mingi, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie, ikafunguliwa. Udaktari hakuupata. Wagonjwa walipata hospitali.

Nasi tuna mpira wetu uliochanika. Umetundikwa mlangoni mwa stoo.

Binti yangu anataka kucheza, lakini nina wasiwasi.

Wasiwasi wako una haki, mama. Nakuambia tunavyofanya, uamue.

Mazoezi yanaisha kabla ya magharibi, na wanaokaa njia moja wanaondoka pamoja. Hakuna kocha anayebaki peke yake na mtoto, awe wa kike au wa kiume, wala kumwandikia ujumbe wa simu wa faragha. Ujumbe unakwenda kwa mzazi. Stoo haifungwi mlango watu wakiwa ndani. Kama kocha yeyote hakubali mambo hayo, mwondoe mwanao kwake, hata kama timu yake ina makombe. Ukiona dalili za mtoto kudhuriwa, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure.

Kuhusu mavazi, binti anaweza kucheza na hijabu yake. Shirikisho la dunia, FIBA, liliruhusu mwaka 2017 baada ya miaka mingi ya kuzuia. Avae suruali na mikono mirefu ya kubana chini ya jezi, na mtandio wa michezo usiohitaji pini.

Jambo moja zaidi, nalisema kwa heshima. Mabinti wengi hawafiki mazoezini kwa sababu ya vyombo na kuchota maji, wakati kaka zao wamefika saa nzima kabla. Niliwahi kuzungumza na mama mmoja, akaamua kazi zigawanywe: Jumanne kaka anaosha, Alhamisi dada. Yule kaka naye yuko kwenye timu yangu. Pasi zake zimekuwa bora.

Anayechelewa au kukosa adabu anaadhibiwaje? Viboko?

Hapana. Wapo wanaonitajia methali, "samaki mkunje angali mbichi". Nakubaliana nayo kabisa. Samaki mbichi hukunjwa kwa mikono, taratibu, la sivyo anavunjika. Hakuna aliyewahi kumkunja kwa fimbo.

Kukimbizwa raundi pia siku hizi situmii kama adhabu. Kukimbia ni mazoezi, sitaki wachukie kukimbia. Anayechelewa, kwanza anaomba radhi kwa kikundi, kwa sababu muda alioula ni wa wenzake, kisha anachukua fagio na kufagia uwanja mwisho wa siku. Kanuni ni ya wote.

Hatuna uwanja.

Tafuta ardhi iliyoshindiliwa. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea ringi ya nondo, kipenyo sentimita 45, ukaifunge kwenye nguzo imara. Kama ni mchanga na mpira haudundi, cheza pasi tupu, mtakuwa mmerudi kwenye kanuni za Naismith zenyewe. Shule za msingi zina michezo ya UMITASHUMTA na za sekondari zina UMISSETA, mwalimu mkuu akiona watoto wako wana nidhamu atakufungulia geti.

Mwanangu atafika NBA?

Timu ni 30 dunia nzima, na zinachagua vijana kwa raundi mbili tu kwa mwaka. Tangu 2021 kuna pia ligi ya Afrika, BAL, iliyoanzia Kigali, kwa hiyo njia zimeongezeka kidogo. Sitamkatisha tamaa. Nitamwomba tu awahi mazoezini.

Utajuaje kwamba yamewaingia?

Masika iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha, bonde la Jangwani likajaa maji, na nikakwama njiani. Simu ilikuwa imeisha chaji. Nilifika Jumamosi ile nimechelewa dakika 50, nikijua nitakuta uwanja mtupu au ugomvi. Nilisikia filimbi kabla sijapita kwenye uzio. Wawili wakubwa walikuwa wanasukuma maji nje ya uwanja kwa mafagio. Wadogo wako chini ya mwembe, wamejibanza upande mkavu, madaftari mapajani. Filimbi ilikuwa mdomoni mwa nahodha wa wiki, ufunguo shingoni.

Alinijia na daftari. Jina langu lilikuwa limeandikwa la mwisho kabisa, na saa pembeni yake.

"Shikamoo, kocha. Tumekuandika umechelewa."

Watoto wote walikuwa wamesimama wanasubiri. Nikawaomba radhi, nikapewa fagio.